Mwongozo kamili: jinsi ya kupata kikundi cha kuacha pombe Mbeya, Iringa na Njombe, na kudumu humo

Wengi wanaotafuta kikundi cha kuacha pombe wanakwama mahali pamoja: wanatafuta bango. Mtu anazunguka Mwanjelwa, Kabwe, Miomboni au Makambako mjini, haoni kibao chochote, anahitimisha kwamba vitu hivyo viko Dar es Salaam tu. Vikundi hivi havibandiki mabango kwa makusudi, kwa sababu wanaohudhuria hawataki jirani ajue. Unatafuta mtu atakayekuongoza mpaka mlangoni.

Kundi la pili la wanaokwama hufika mara moja, hukaa karibu na mlango, huondoka kabla ya kufunga, basi. Na kundi la tatu, lenye hatari kuliko yote, hukata pombe ghafla ili lifike "likiwa safi". Tuanze na hao, baada ya mahitaji.

## Mahitaji

- Simu yenye salio la kupiga, si bando peke yake. Namba nyingi utakazopewa ni za watu wazima wasiojibu ujumbe.
- Daftari dogo na kalamu. Simu inaweza kuzima chaji, au kuuzwa siku ya kuteleza.
- Nauli ya kwenda na kurudi kwa wiki nne, imetengwa pembeni au amekaa nayo mtu mwingine.
- Sweta au koti. Juni na Julai baridi ya Uyole, Mafinga au Njombe jioni humrudisha mtu nyumbani, au kilabuni kwenye moto.
- Mtu mmoja, mmoja tu, anayejua unakwenda wapi.
- Kadi ya bima kama unayo. Ni kwa ajili ya hospitali. Kikundi hakina haja nayo.

Kitambulisho, barua ya mtendaji na ada ya usajili havihitajiki. Anayekudai hivyo ili uingie kwenye kikundi cha kusaidiana anaendesha kitu kingine.

## Hatua ya 1: Jua mwili wako umefika wapi

Kuna maswali manne ambayo wahudumu wa afya huyatumia. Umewahi kuona unapaswa kupunguza pombe? Watu wamekukera kwa kukusema? Umewahi kujisikia hatia kwa unywaji wako? Umewahi kulazimika kuzimua asubuhi ili utulie? Ukijibu ndiyo mara mbili, zungumza na mtaalamu.

Swali la nne lina uzito wa peke yake. Kama unazimua kila asubuhi na mikono inatetemeka mpaka upate glasi ya kwanza, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa kwa ghafla hulipuka. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi huanza ndani ya masaa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanazungumza na watu wasiokuwepo, moyo unakwenda mbio, mwili unachemka.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Husema amerogwa, au amepandisha mashetani, wakampeleka kwenye maombi au kwa mganga. Kuweweseka huku kunaua, na hospitalini kunatibika. Mpelekeni hospitali kwanza, maombi yafuate.

Ukifika, usipunguze hesabu kwa aibu. Mficha uchi hazai. Usiseme "nakunywa kidogo kidogo", sema hivi: "Kila jioni nakunywa komoni lita mbili, asubuhi nazimua kwa gongo glasi moja, mara ya mwisho nimekunywa jana saa 3 usiku." Daktari hupanga dozi kwa kufuata hesabu hiyo. Taja pia kama umewahi kuanguka degedege ulipojaribu kuacha, maana aliyewahi kuipata ana hatari kubwa zaidi ya kuipata tena. Kwa kawaida hupewa dawa ya kutuliza kwa siku chache pamoja na vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini.

Usinunue dawa hizo za kutuliza duka la dawa na kujitibu. Zikikutana na pombe zinaweza kusimamisha pumzi.

Na familia isimwekee mtu kwa siri kwenye chai ile dawa ya kumfanya aichukie pombe. Dawa ya aina hiyo hutolewa na daktari kwa mtu aliyekubali na anayejua hatakunywa. Asiyejua akinywa juu yake, anaweza kutapika mfululizo, shinikizo la damu likashuka, moyo ukayumba.

*Umefanikiwa:* ama mhudumu wa afya amekuambia hauhitaji kulazwa, ama umemaliza siku za matibabu, unalala na unakula. Kama hauzimui asubuhi na hujawahi kupata dalili hizo, unaweza kwenda kwenye kikundi hata leo.

## Hatua ya 2: Mtafute mtu mwenye namba

Fuata mpangilio huu, maana unaanza na wanaojua zaidi.

Kitengo cha afya ya akili. Kwa Mbeya, anza na Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Iringa, Njombe na Songwe, anza na hospitali ya rufaa ya mkoa. Mapokezi waambie "nataka kuonana na muuguzi wa afya ya akili", inatosha. Si lazima umweleze karani wa dirishani habari za pombe mbele ya foleni. Muuguzi huyu ndiye anayewafahamu walioacha na wamedumu, kwa sababu wengine hupita kwake kusalimia. Usichanganye na kliniki ya methadone: hiyo ni ya waliotumia heroini, na methadone haitibu pombe.

Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Maafisa hawa wanashughulikia ugomvi wa ndoa na matunzo ya watoto, na sehemu kubwa ya mafaili hayo yana pombe ndani yake. Wanajua kikundi gani kinaendelea na kipi kilikufa.

Nyumba za ibada. Katika nyanda hizi, ukumbi wa kanisa ndio chumba rahisi kupatikana, iwe ni Moravian, KKKT au Katoliki. Muulize mtunza ofisi ya parokia au usharika ni nani huazima chumba siku za wiki. Kikundi kinaweza kukutana kanisani bila kuwa cha kanisa. Mwislamu asijizuie kwa sababu ya jengo, ila aulize kwanza, maana kuna vikao ambavyo kweli ni ibada.

Soba hausi, yaani nyumba wanakokaa watu wanaoacha pombe au dawa za kulevya. Hata kama huna mpango wa kulazwa, wasimamizi wake wengi wenyewe waliwahi kunywa au kutumia, na wanafahamiana mkoa kwa mkoa.

Swali lenyewe lina namna yake ya kuulizwa. Ukiuliza "mna huduma ya kuacha pombe?" utajibiwa "hakuna", na aliyekujibu hajadanganya, maana ofisini kwake haipo. Uliza hivi:

"Habari za kazi. Natafuta kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Wanakutana siku gani, na nimpigie nani?"

Ukijibiwa hakuna, usikate simu. Uliza la pili: "Je, unamfahamu mtu aliyeacha pombe akamaliza mwaka, ambaye atakubali nizungumze naye?" Swali hili la pili ndilo linalofungua milango mingi, hasa wilayani kama Chunya, Kyela, Mufindi na Ludewa. Wengi wanakata tamaa kwa kulikosa hili tu.

Mtandaoni. Alcoholics Anonymous, yaani AA, vikundi vya kimataifa vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, wana mikutano ya simu kila saa duniani, na orodha yake iko aa-intergroup.org. Tahadhari ni mbili. Kwanza, saa. "7 PM" ni saa 1 usiku kwetu, siyo saa 7. Na kama imeandikwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza masaa matatu. UTC 16:00 ni saa 1 usiku Mbeya. Pili, jina. Programu ya mkutano huweza kuonyesha jina kamili uliloandikia simu yako. Libadilishe libaki jina moja kabla hujaingia, uzime kamera, na bando nalo litapona. Vivyo hivyo makundi ya WhatsApp: ukiingizwa, kila mwanachama anaweza kuiona namba yako, basi weka picha ya maua.

Kikundi kutokuwepo kwenye orodha ya mtandaoni si ushahidi kwamba hakipo. Hakuna anayelazimishwa kujiorodhesha.

*Umefanikiwa:* una jina moja, namba moja, siku na saa kwenye daftari.

## Hatua ya 3: Piga simu ya uhakiki

Dakika tatu zinatosha. Uliza: mkutano uko wazi kwa yeyote, au ni kwa mwenye tatizo la pombe tu? Wa wazi unaweza kuja na mke, mume au kaka. Uliofungwa unaingia mwenyewe. Uliza pia mnazungumza lugha gani, mnaanza na kumaliza saa ngapi, alama gani ipo karibu, na nani atanipokea.

Halafu uliza kama kuna malipo. AA hawatozi ada. Hupitisha kapu na anayeweza huweka alichonacho, na mgeni hadaiwi. Kikundi chochote kinachouza mizizi, mafuta au chupa za "dawa ya kukata kiu" mwishoni mwa kikao ni biashara. Inaweza kuwa biashara halali, lakini siyo ulichokuwa unatafuta.

## Hatua ya 4: Siku yenyewe

Kula kabla ya kutoka. Njaa na kiu ya pombe hufanana mwilini, na saa 11 jioni ndiyo saa ambayo miguu imezoea kwenda kilabuni yenyewe.

Badili njia. Kama daladala yako inakushusha mbele ya kilabu cha komoni, shuka kituo cha kabla au cha mbele utembee. Fika dakika kumi kabla. Ukichelewa kila mtu atageuka kukutazama. Ukiwahi mno utasimama nje peke yako na kujishauri kurudi.

Umekunywa mchana huo? Nenda tu. Sharti la kuwa mwanachama wa AA ni moja, kutaka kuacha kunywa. Vikundi vingi vitakuruhusu uketi usikilize, ila watakuomba usizungumze siku hiyo. Kinachokatazwa ni kuja na chupa au kufanya fujo.

## Hatua ya 5: Ndani ya mkutano

Mikutano mingi huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Viti huwekwa duara, au mabenchi mawili yanayotazamana. Mwenyekiti, ambaye ni mwanachama kama wengine, anafungua, anasoma maneno mafupi ya utangulizi, kisha anauliza kama kuna mgeni.

Hapo huwa kimya. Wengi hukiogopa kipindi hiki kuliko mkutano wote. Cha kusema ni jina lako la kwanza na "nimekuja kusikiliza". Usitaje ukoo, kazi wala kijiji. Hakuna atakayekuchimba.

Baada ya hapo mmoja mmoja huzungumza kama dakika tatu hadi tano. Utaona jambo geni kwa mila zetu: mtu anamaliza kusema na hapewi ushauri. Hakuna mzee anayesimama kumwonya, hakuna anayehukumu kesi. Wanaitikia "asante", anafuata mwingine. Mgeni hudhani wamempuuza yule mtu. Sababu yake ni kwamba mnywaji ameshasikia mawaidha ya kutosha, kutoka kwa mjomba, mchungaji na mwenyekiti wa mtaa, na kama mawaidha yangetosha asingekuwa hapo. Usikilize ni nani anasema jambo ulilolipitia wewe. Mkariri sura yake.

Mungu hutajwa, na kwa kawaida hufungwa kwa sala fupi ya kuomba utulivu, lakini AA si ya dhehebu lolote. Usiyekubaliana na sala unasimama kimya, yanaisha.

Mambo yanayoharibu mkutano: kupiga picha, kupokea simu, kumtaja mtu mwingine mliyekunywa naye, na kusimulia utamu wa pombe kwa kirefu. Lingine ni kumtambua mtu, labda mwalimu wa mtoto wako, na kumwamkia "shikamoo mwalimu" mbele ya wote. Mwamkie bila kutaja cheo. Ukikutana naye sokoni kesho yake, salamu ni ya sokoni.

*Umefanikiwa:* umekaa mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza hakuna kipimo kingine.

## Hatua ya 6: Dakika kumi baada ya kufunga

Hii ndiyo sehemu inayorukwa na wote wasiorudi. Watu wakianza kukunja viti, kunja nao. Mwendee yule uliyemkariri, mwambie: "Kaka, au dada, ulichosema kimenigusa. Naomba namba yako, nikizidiwa nikupigie." Chukua namba mbili au tatu. Mwanamume achukue za wanaume, mwanamke za wanawake; kikundi chenye uzoefu kitakuambia hivyohivyo, kwa kuzuia mambo mengine.

Kesho yake piga, hata kama hujazidiwa. Useme tu umefika salama. Namba isiyopigwa siku ya amani ni ngumu mno kupigwa siku ya kiu.

Baada ya majuma kadhaa, mwombe mmoja wao awe mlezi wako katika hatua 12 za AA, yaani mpango wao wa kuacha pombe. Mchague aliyekaa muda mrefu bila pombe na mwenye nafasi ya kupokea simu, si msemaji hodari.

## Hatua ya 7: Miezi mitatu ya kwanza

Ushauri wa mijini mikubwa wa kwenda kila siku hautekelezeki ambako kikundi kinakutana Jumamosi pekee. Fanya hivi: mkutano mmoja wa ana kwa ana, mmoja au miwili ya simu, na simu ya dakika mbili kwa mwenzako kila siku nyingine. Hudhuria mara sita kabla ya kuamua kikundi hakikufai. Kimoja kina mzee anayeongea sana, kingine kina baridi; mara sita zinatosha kutofautisha siku mbaya na kikundi kibaya.

Pigia mstari kalenda ya huku, siyo ya ukutani. Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa wakati wa mvua, na kuanzia Desemba hadi masika Iringa na Njombe bei yake hushuka mpaka mtu anakaribishwa bure. Ule mtogwa, yaani ulanzi mpya mtamu wa asubuhi, si juisi. Unachacha tangu kwenye mwanzi, na mpaka jioni ni pombe kamili. Hakuna "mtogwa tu" kwa anayeacha. Togwa iliyolala nayo ichunguze.

Kisha yanakuja mavuno: mahindi na viazi vikiuzwa, fedha inakuja kwa mkupuo na kila mtu anataka kupongezana. Siku ya gulio, siku ya malipo ya mbao Mafinga au ya chai Rungwe, panga mkutano au simu *kabla* ya kupokea fedha, na fedha ipokelewe pamoja na mtu au iingie kwenye simu ambayo namba ya siri ameishika mwenzako.

Msibani na harusini, nenda mapema, ondoka mapema, shika chupa ya soda uliyoifungua mwenyewe. Ukishinikizwa, "natumia dawa" ni jibu linalofunga mjadala.

## Kwa mama anayepika pombe

Miongozo mingi humsahau mama anayepika komoni au kimpumu ili alipe ada. Akiambiwa "kaa mbali na pombe" anaambiwa aache kula. Asiache kuja kwenye kikundi kwa sababu bado anapika. Kwa kuanzia, mtu mwingine aonje na kupima, yeye aondoke kwenye kuuza jioni, na suala la biashara mbadala lipelekwe kwenye kikoba chake au kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama mkutano ni wa usiku au umejaa wanaume, aombe mwanamke mwenzake wakutane mchana, wawili tu. Nao ni mkutano.

## Ukiteleza

Rudi mkutano unaofuata, useme "nimekunywa", ukae. Hesabu ya siku inaanza upya, uanachama hauanzi upya. Ila kama umekunywa kwa siku kadhaa mfululizo na kuzimua kumerudi, anza na Hatua ya 1 tena, siyo ya 5.

## Kama kweli kikundi hakipo

Kwa desturi ya AA, watu wawili wanaotaka kuacha pombe wakikutana kwa nia hiyo wanaweza kujiita kikundi, mradi hakijafungamana na chama, dini wala biashara. Unahitaji yule mtu wa swali la pili la Hatua ya 2, chumba chenye mlango unaofungika, na siku isiyobadilika.

Chagua chumba kisicho nyumba ya mtu, kwa sababu wenye nyumba wakigombana kikundi hufa. Darasa baada ya masomo, au ofisi ya usharika, vinafaa. Epuka jengo la serikali ya mtaa. Watu watadhani wanaandikwa. Muda uwe mchana wa Jumamosi au Jumapili saa 9 alasiri, ili wa mbali wapate gari la kurudi. Chai na maandazi yatoke kwenye kapu, fedha ishikwe na wawili, na isikopeshwe kamwe. Vikundi vingi vinavyokufa mapema huuawa na mkopo wa ndani, wala siyo pombe.

Mjulishe muuguzi wa afya ya akili na afisa ustawi siku na saa, uwaachie namba ya simu ya kikundi. Kisha fungua chumba kila wiki kwa saa ileile, hata ukifika peke yako. Kaa nusu saa, soma, mpigie mwenzako kwa simu, ndipo ufunge. Anayejishauri kwa wiki tatu akija wiki ya nne na kukuta kufuli, usitegemee kumwona wiki ya tano.